Bati Lenye Msalaba

Mtu akija kuangalia chumba cha kukodi huku Kabiro, mtaa wa Kawangware, huuliza mambo matatu: maji hutoka siku gani, choo kiko umbali gani, na mwenye ploti ni mtu wa aina gani mwezi ukiisha. Nimekaa katika ploti ya Mutunga tangu safu hii mpya ya vyumba vinane iezekwe, nimeona watu wakiingia na kuhama, na sijawahi kumwona aliyesahau hata swali moja. Kisha siku moja akaja mwanamke mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani. Akaingia namba mbili, akainua uso, akaangalia paa. Hakuuliza maji wala choo. Akatoka, akaingia namba tano, akainua uso tena, na huko akakaa.

Mimi, Mama Audrey, nilikuwa mlangoni kwangu, namba nne, namsuka mteja. Sasa namba tano iko ubavuni mwa choo. Jua likiwaka unajua jirani zako walikula nini jana. Namba mbili ilikuwa safi, imepakwa rangi juzi, na kodi ni ile ile.

"Mama, chukua hiyo namba mbili," nikamwambia, maana mdomo wangu haujawahi kunisubiri. "Hii tano ni ya watu wa mwezi mmoja."

"Hii iko sawa," akasema, macho bado yako juu.

Mutunga, aliyesimama nyuma yake na funguo, alikohoa kisha akaanza kuangalia viatu vyake. Mutunga si mtu wa kuangalia viatu vyake. Nikajua hapo kuna jambo, na mimi jambo likiwa jirani yangu silali vizuri.

Alihamia Jumamosi na mumewe. Jina lake Nanyama, Mama Morris, mzaliwa wa Bungoma, ameolewa Matungu, kule Magharibi; Morris mwenyewe anasoma huko kwa nyanya yake. Mumewe ni Shiundu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu mrefu anayeinama mlangoni hata pale ambapo hapahitaji kuinama. Walitoka Kibera, upande wa Sarang'ombe, na kibanda cha kazi cha Shiundu kilibaki kule kule. Kila asubuhi alikuwa anaenda Kibera kwa miguu, na jioni anarudi kwa miguu. Ukimwuliza kwa nini alihama mbali na kazi yake, alikuwa anasema, "Mke wangu anafua nguo za watu Lavington, hapa ni karibu kwake." Wanaume wachache huhamishwa na kazi ya mke, na wachache zaidi hulisema hilo bila kukunja uso. Nikampenda kwa hilo.

Ploti hii imeezekwa mabati ya kijani, na kwa ndani hayana kitu, unaona chuma kitupu cha kijivu na misumari. Mchana tunaoka humo. Basi Mutunga alipotangaza kwamba ataweka silingi, zile mbao za kuziba mabati kwa ndani, katika vyumba vyote, tulipiga vigelegele. Mwenye nyumba wa Nairobi akikupa kitu bila kuombwa, unapokea kwa mikono miwili kabla hajaota tena. Fundi alianza namba moja. Alipofika namba tano, Nanyama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwangu hapana."

"Mama, ni ya bure," Mutunga akasema.

"Hata kama ni ya bure. Wacha hivyo."

Nilidhani Mutunga atapandisha sauti. Hakupandisha. Alimwambia fundi aruke namba tano aende sita. Mimi nikasema moyoni huyu mama ana kasoro, na jioni nikalisema pia kwa jirani wawili, maana la moyoni peke yake huchacha.

Nilikuja kujua ukweli siku niliyomsuka. Kazi ya kusuka ina siri moja: ukimshika mtu kichwa na kumwinamisha asikuone uso, atakuambia mambo ambayo padri hajayasikia. Nanyama alikuja mchana wa Jumanne, akasema anataka mistari ya kunyooka tu, ya heshima, kesho yake anaenda kwa wakili.

"Wakili tena? Si kesi yenu iliisha?" nikauliza. Kwamba Shiundu alifungwa, ploti nzima ilikuwa inajua. Siri ya jela haikai.

"Kesi iliisha. Naenda kuuliza gharama."

Halafu akanieleza, uso magotini mwangu. Alianza na shemeji yake Austin, kaka mkubwa wa Shiundu. Austin alikuwa askari wa usiku hapa Nairobi, miaka na miaka, na kila Krismasi alikuwa anasema mwaka ujao atajenga nyumbani. Akafa hajajenga. Na kule kwao maiti ya mwanamume mzima, mwenye mke, haiwezi kulazwa kwa mamake; sharti iingie kwake. Kwa hiyo wanaume walichimba mashimo alfajiri, wakasimamisha miti, wanawake wakakanda udongo, na mchana kukawa na kibanda. Wakamwingiza Austin humo, akalala humo, kesho yake akazikwa mbele ya kibanda hicho. Baada ya wiki kilianguka.

"Mimi nilikuwa kati ya wale wa kukandika udongo," Nanyama akasema. "Mikono yangu iko hivi, nakandika nyumba ya mtu ambaye amekufa. Nikamwambia Mungu, mimi sitajengewa nyumba ya siku moja. Sitaki."

Hata akiwa hai, mke asiye na nyumba nyumbani hana pa kuweka mfuko. Kwa baba mkwe hawezi kulala, ni mwiko. Wakienda, yeye na Shiundu walikuwa wanapewa jiko la shemeji mwingine, wanalala kwenye mkeka kati ya kuku na sufuria, na asubuhi wanaamka mapema kabla wenye jiko hawajataka moto. Mtu mzima, mama wa mtoto, anakunja mkeka wake mbio mbio. Alinieleza hayo na mabega yake yakawa magumu chini ya mikono yangu.

Basi akaanza kununua mabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Nanyama aliinama kweli: alifua, akapiga pasi, akaosha ngazi za watu, na kila alipoweza alienda dukani akanunua bati moja la kijani. Moja tu. Alilibeba mpaka chumbani kwao Sarang'ombe, akalisimamisha nyuma ya kitanda. Yakaongezeka hata kitanda kikaanza kusogea mlangoni. Kwa kuogopa wezi, aliyatia alama upande wa ndani, kwenye kona, kwa rangi nyekundu ya kucha. Kila bati nukta moja. Lakini lile la kwanza kabisa, alilolinunua Morris alipokuwa bado ananyonya, alilichora msalaba.

Hapo mikono yangu ilisimama.

Juu ya kitanda changu, kabla ya silingi, kulikuwa na nukta nyekundu. Nilikuwa naiona kila asubuhi nikifumbua macho, na siku zote nilidhani ni rangi iliyomdondoka fundi.

"Mama Morris," nikasema, "hiyo rangi ya kucha…"

"Ndiyo. Ni yangu. Yote. Kutoka namba moja mpaka namba nane."

Shiundu alikuwa amekamatwa kwa ajili ya geti. Mteja alimletea vyuma, mchana kweupe, kando ya barabara, akamwambia amtengenezee geti. Vyuma vilikuwa vimeibwa mahali wanapojenga. Mteja akapotea, Shiundu akapatikana navyo. Hakimu akasema fundi mzoefu anapaswa kujua chuma cha wizi, kana kwamba chuma kina harufu, akamfunga. Nanyama akatafuta wakili wa kukata rufaa. Wakili anataka malipo, kanisa likachanga, majirani wakachanga, na bado hazikutosha. Ndipo akasikia kuna Mkamba mmoja Kawangware anajenga vyumba na anatafuta mabati. Mutunga alikuja na mkokoteni, akalipa bei ya haki, nalisema hilo kwa sababu ni kweli, akayapakia yote. Nanyama alitembea nyuma ya mkokoteni mpaka barabarani, kisha akarudi kwenye chumba ambacho ghafla kilikuwa kikubwa.

Rufaa ilishinda. Jaji wa Mahakama Kuu alisema hakuna aliyethibitisha kwamba Shiundu alijua vyuma vimeibwa, akafuta hukumu, akaamuru aachiliwe. Shiundu alitoka amekonda, amezoea kulala upande mmoja.

"Kwa hivyo sasa wanilipe," Nanyama akasema. Alisema kwa upole, si kwa hasira. "Tulishinda. Aliyeshindwa hulipa gharama."

Hilo hakuliokota barabarani. Baba mkwe wake aliwahi kushtakiana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mzee alishinda, na korti ikaamuru jirani amlipe gharama za kesi. Jirani akauza fahali, akalipa. Hadithi ya fahali yule husimuliwa Matungu kila Krismasi, na kila mwaka fahali ananenepa. Kanisani kwao Sarang'ombe nako walimwambia vivyo hivyo, tena mzee mmoja akasimama akasema, "Safari hii aliyeshindwa ni serikali. Serikali ina mafahali wangapi?" Watu wakacheka, wakaomba, wakaimba. Nanyama akaenda nyumbani akiwa na hakika kamili. Siku ile ile alianza kutafuta chumba Kabiro, akae karibu na mabati yake mpaka gharama zitakapokuja.

"Utayafanya nini? Mutunga hawezi kuyang'oa. Na yametobolewa misumari."

"Najua. Nitanunua mengine. Lakini hili la kwanza nilitaka kulitazama. Shiundu hajui. Nilimwambia yalinunuliwa na duka la hardware. Akijua analala chini yake atajiona bure."

Nilimaliza mistari yake bila kumtoza. Kesho yake nikafunga kazi, nikaenda naye mjini, kwa sababu Shiundu alisema hawezi tena kukanyaga mahali penye harufu ya korti.

Wakili wao anaitwa Opondo, ofisi yake ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi. Ni mtu wa heshima. Alisimama tulipoingia, akamsalimia Nanyama kwa jina, akauliza langu pia, akamwuliza habari za Shiundu, akaagiza chai. Nanyama hakuigusa chai. Aliweka mikono magotini, mistari yangu inang'aa kichwani mwake, akasema, "Wakili, nimekuja kwa ile mambo ya gharama. Watatulipa lini?"

Opondo alivua miwani.

"Mama Morris, nitakuambia ukweli. Kesi ya shamba ni mtu na mtu. Mmoja akishindwa, korti inaweza kusema amlipe mwenzake gharama. Lakini hii ilikuwa kesi ya jinai. Aliyemshtaki mumeo ni Jamhuri. Ukiishinda Jamhuri kwa rufaa, unachopata ni mtu wako kurudi nyumbani. Pesa uliyolipa wakili hairudi."

"Hairudi kabisa?"

"Kama korti ingekuwa imempiga faini mkalipa, hiyo ningewadaia irudishwe. Lakini hakupigwa faini. Alifungwa tu."

"Kwa hivyo miezi aliyokaa ndani hairudi, na ile niliuza hairudi."

Opondo hakujua aliuza nini. Mimi nilijua, nikaweka kikombe chini.

"Kuna njia nyingine," wakili akasema, polepole, akionekana haipendi hata yeye. "Unaweza kuishtaki serikali, udai fidia kwamba alishtakiwa kwa hila. Isipite mwaka tangu aachiliwe. Lakini lazima tuonyeshe kwamba walikuwa na nia mbaya, si kwamba walikosea. Kwamba yule askari, kwa mfano, alijua Shiundu hana hatia na bado akamshika. Wewe unaamini hivyo?"

Hapo mimi ningesema ndiyo. Nakwambia wazi, ningesema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza, na ningeongeza kwamba nilimwona askari akicheka. Nanyama aliangalia dirishani.

"Yule askari alikuwa kijana," akasema. "Siku ile alimpa Shiundu maji. Alikosea tu."

"Kukosea si hila, mama."

"Na nikishtaki nishindwe?"

"Hiyo itakuwa kesi ya madai. Ukishindwa, korti inaweza kukwambia uilipe serikali gharama zake."

Nanyama alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo sitaki kuliona tena. "Kumbe gharama zinajua njia ya kuja kwangu tu."

Nikashindwa kujizuia. "Wakili, hiyo sheria iliandikwa na mtu ambaye alikuwa na nyumba yake tayari."

"Inawezekana, Mama Audrey," akasema, na hakucheka. Hakututoza kwa siku ile. Alitusindikiza mpaka kwenye ngazi.

Kwenye ghorofa ya pili Nanyama aliketi kwenye ngazi, katikati ya watu wanaopanda na kushuka, akalia. Alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, nami nikaketi kando yake, nikawaangalia vibaya wote waliotuangalia.

"Nataka kwangu, Mama Audrey," akasema. "Sitaki kitu kikubwa. Nataka mahali nitaamka nifagie, na hakuna mtu ananingojea nitoke. Nataka nikisikia mvua nijue inanyesha kwangu. Miaka yote naenda nyumbani na sina nyumbani."

Mimi pia nina nyumbani huko Nyakach ambako sijafika muda mrefu, na kilio cha mwenzako huamsha chako. Tulilia wote wawili, tukanunua maji, tukarudi.

Ukuta kati ya namba nne na namba tano ni wa mabati ya zamani, hauna siri. Jioni ile nilimsikia akimwambia mumewe yote: yule fahali wa hadithi ya baba mkwe alimdanganya, serikali hailipi, hakuna gharama. Halafu nikasikia Nanyama akivuta pumzi, na nikajua sasa anafika kwenye lile lingine.

"Kuna kitu sikukuambia kuhusu mabati."

"Yako hapo juu," Shiundu akasema.

Nilikuwa na kijiko mkononi, nikakishika vizuri kisilie.

"Nani alikuambia?"

"Nilipokuwa ndani, nikikosa usingizi, nilikuwa nayahesabu. Naanza na lile la msalaba, nafuata na mengine vile yalikuwa yamesimama nyuma ya kitanda. Siku ya kwanza tulilala hapa, nikafungua macho, nikaliona. Nikageukia ukuta."

"Kumbe ulijua siku hizo zote."

"Ningesema nini? Uliuza nyumba yako kwa sababu yangu. Nilikuwa naona aibu. Nikaona wewe unalitazama kila asubuhi, nikasema wacha alitazame, mimi nitatazama ukuta."

Nikaondoka ukutani. Kuna mambo hata mimi siwezi kuyasikiliza mpaka mwisho.

Kila Jumapili mama mkwe wa Nanyama hupiga simu kutoka Matungu, na huongea kwa nguvu, kana kwamba anataka sauti ifike yenyewe bila simu. Kila Jumapili aliuliza mabati yamefika mangapi, na kila Jumapili, tangu siku ya mkokoteni, Nanyama alijibu kwamba wanaongeza polepole. Jumapili iliyofuata tulikuwa tumeketi nje tukichambua mboga za sukuma. Simu ililia. Aliiweka kwenye spika, mikono yake ilikuwa na maji. Mama mkwe akauliza lile swali.

"Mama, mabati hayako," Nanyama akasema. "Niliyauza yote wakati wa kesi."

Nikadhani salio limeisha.

"Yote?"

"Yote, mama. Na hawatarudisha."

"Sasa hilo ndilo ulikuwa unaogopa kuniambia? Mimi nilikuwa nauliza juu ya mabati, kumbe wewe uliuza nyumba ukaninunulia mtoto wangu?" Kikongwe akapenga kamasi, tulisikia. "Basi anza tena. Lakini usiyaweke huko. Huko Nairobi vitu vinaliwa. Leta hata moja, mimi nilitazame."

Shiundu alipata kazi ya madirisha kwa mfanyabiashara mmoja wa Soweto East, kule kule Kibera. Siku aliyolipwa alirudi jioni akiwa na bati la kijani begani, amelibeba kutoka Kibera mpaka hapa, watu wakimpisha njia nzima na wengine wakimtukana. Alilisimamisha ukutani, akakaa chini, akaomba maji.

Nanyama alikuja mlangoni kwangu. "Mama Audrey, ile rangi yangu ya kucha ilikauka. Uko na nyekundu?"

Msusi hakosi rangi ya kucha, lakini nyekundu ilikuwa imeisha. "Nina ya zambarau."

Alifikiri. "Lete. Nyekundu ilienda na ile mengine."

Akachora msalaba kwenye kona, taratibu, ulimi nje. Kesho yake tulilipeleka kwenye mabasi ya Magharibi yanayotoka hapa Kawangware. Kondakta alilitazama, akatutazama. "Mama, moja? Unaezeka kuku?"

"Naezeka polepole," Nanyama akamwambia. "Wewe lifunge vizuri." Na hakuondoka mpaka alipoona kamba zote.

Siku ya pili baada ya bati kuondoka alienda mwenyewe kwa Mutunga, akamwambia alete ile silingi. Mutunga alifurahi kupita kiasi, nadhani ule msalaba ulikuwa umemsumbua pia, na kwa kuwa fundi wake alikuwa kwingine, alimpa Shiundu kazi hiyo kwa malipo. Kwa hiyo Shiundu alikuwa amesimama juu ya meza, misumari midomoni, anagonga mbao, na mimi nimeshika upande mmoja wa silingi kwa sababu sipendi kukosa mambo. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, kiangazi, Kabiro haijaona tone kwa wiki nyingi. Mbao ilikuwa imebaki moja, ile ya kona, na juu yake msalaba mwekundu ulikuwa bado unaonekana.

Simu ikalia. Nanyama akaiweka kwenye spika.

"Limefika," mama mkwe akapiga kelele. "Nimeliegemeza kwa mti hapa kwa kiwanja yenu. Nimelifunga na kamba. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia. Ngoja. Huku inanyesha. Ngoja nitoke."

"Mama, utalowa!"

"Ngoja, nimesema."

Tulisikia mlango, tukasikia miguu yake kwenye matope, tukasikia akihema. Kisha nyayo zikasimama, na ikaja sauti ya mvua juu ya bati. Mvua ya kwao ya alasiri, nzito, inapiga bati moja lililoegemezwa mtini, katikati ya kiwanja kisicho na nyumba. Shiundu alitoa misumari midomoni, akachutama juu ya meza. Nanyama aliinua simu juu, karibu na sikio la mumewe, akasimama kwa vidole vya miguu ili naye asikie, na wote wawili wakabaki hivyo, mashavu yamekutana kwenye simu ndogo. Nanyama alikuwa analia na anacheka. Mikono yangu ilichoka na ile mbao lakini sikuthubutu kuishusha.

"Umelisikia?" mama mkwe akauliza.

"Nimelisikia, mama. Ingia ndani sasa."

Simu ikakatika. Nanyama aliangalia juu, kwenye kona, akautazama msalaba mwekundu kwa muda, jinsi alivyoutazama siku ya kwanza alipokuja kuona chumba. Halafu akamgusa mumewe mguu.

"Piga," akasema.

Shiundu akasimama, akachukua mbao mikononi mwangu, akaiweka mahali pake, akapiga msumari.